Ngozi Tupu katika Karatasi ya Tisa

Gilberte Maupas hakuwahi kuzaa, lakini mji wetu wote wa Vaurigny ulimwita Mama Maupas, na ukimsikia akiwanyamazisha mbwa sitini kwa neno moja usingeuliza kwa nini. Alizaliwa katika nyumba ya mtunza mbwa, ile ya mawe yenye mlango wa kijani nyuma ya ngome ya Baroni. Siku ya mambo haya ninayosimulia alikuwa ameishi humo miaka sitini na mmoja. Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya Baroni, kama ulivyokuwa wa Baroni msitu, na mbwa, na farasi, na nusu ya mashamba unayoyaona ukipanda mnara wa kanisa. Hakukuwa na mkataba wowote. Baba yake Baroni alimwambia baba yake Gilberte, "Kaa," naye akakaa.

Baba huyo, mtunza mbwa, alikufa kwa homa ya mapafu Gilberte akiwa na miaka kumi na tisa. Ngomeni wakaagiza mwanamume kutoka kaskazini, fundi mwenye barua za sifa. Alidumu siku nane. Siku ya tisa mbwa walikataa kutoka bandani, na yule fundi akawa anawapigia kelele huku jasho linamtoka. Gilberte akavua aproni, akaingia uani, akamnyang'anya mjeledi na kuuweka kwapani bila kuutumia. Mbwa wakamfuata. Tangu siku hiyo hakuna aliyeagiza fundi tena, wala hakuna aliyemwambia asante, na mimi hilo la pili linaniudhi mpaka leo.

Kazi yenyewe si ya kuonewa wivu. Kupika uji wa shayiri kwenye pipa, kushona masikio yaliyochanika kwa sindano na uzi, kufagia kinyesi cha mbwa sitini, na majira ya kuwinda yakifika, kukimbia msituni kwa miguu mara mbili kwa wiki wakati wengine wamepanda farasi. Halafu mwisho wa yote kuna ile tunayoiita haki ya mbwa. Kulungu ameshakufa, ameshachunwa, nyama imeshagawiwa. Matumbo yanarundikwa chini na kufunikwa kwa ngozi yake, kichwa na pembe zikiwa bado zimeshikana na ngozi. Mtunza mbwa anatanua miguu juu ya ngozi ile, anashika pembe mbili na kukitikisa kichwa huku na huku, mbwa waone kama mnyama yu hai. Mbwa wanapanga mstari mbele yake, wanabweka, wanatetemeka kwa uchu, na hakuna anayethubutu kupiga hatua. Mkuu wa msafara akiinua mkono, baragumu linapigwa, mtunza mbwa anaivuta ngozi, na mbwa wanakula. Mimi sipendi kuitazama, huwa nageuza uso. Lakini Mama Maupas alisimama hivyo miaka arobaini na miwili, na magoti yake yalikuwa ushahidi.

Sasa michoro. Zamani sana, miaka mia moja na hamsini hivi kabla ya siku zetu, mchoraji aitwaye Anselme Corvigny alikaa ngomeni vuli nzima akijiandaa kuchora picha kubwa ya uwindaji. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji wa enzi ile waliopenda dhoruba, farasi waliotoa macho na watu wanaokaribia kufa. Picha yenyewe aliimaliza, ikapelekwa Paris, ikateketea kwa moto. Kilichobaki ni karatasi kumi na moja za penseli alizojaribia kabla ya kushika rangi, na karatasi hizo zilikaa ndani ya kabati la akina Baroni bila mtu kuzijali.

Mwaka 1987 Baroni Aymar akaamua kuziazima kwa makumbusho ya mji wetu, ambako mimi, Josiane, nilikuwa nakata tiketi. Sababu aliijua kila mtu. Ukoo wao una babu mmoja, Gontran, anayeitwa Mshika Pembe, kwa kuwa eti alimkaba kulungu dume kwa mikono mitupu na kumlaza chini. Tuna mtaa wa Mshika Pembe. Tuna baa ya Mshika Pembe, na shule ya msingi. Ushahidi wa hadithi hiyo haukuwahi kuonekana, na wengi tuliamini kimoyomoyo kwamba ni chuku. Sasa karatasi ya tisa ilionyesha mwanamume ametanua miguu juu ya kulungu, amemshika pembe, na mbwa wako mbele yake vinywa wazi. Baroni aliifurahia kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyechorwa.

Akaletwa mtaalamu kutoka Paris, Dokta Lescure, kijana mrefu mwenye adabu aliyekuwa akifuta miwani yake kila dakika mbili. Simsemi vibaya. Alizipenda zile karatasi kwa dhati, aliziangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka shingo ikamuuma. Akaandika kitabu kizima. Akaandika pia kadi za kubandikwa ukutani, na kadi ya tisa ilisema hivi: "Baroni Gontran anamshinda kulungu. Silaha ameibana kwapani, amekataa kuitumia kwa heshima ya mnyama. Mistari inayokatika tumboni inaonyesha mtetemeko wa uhai unaotoka."

Maonyesho yalipangwa kufunguliwa tarehe tatu Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, padri anapobariki mbwa. Siku moja kabla, asubuhi, Mama Maupas akaja makumbushoni na viatu vya matope kukagua ua, maana mbwa wangeletwa pale kwa sherehe. Nikamwambia apite ndani aone michoro, hakuna tiketi kwake. Akapita taratibu, mikono nyuma. Mbele ya karatasi ya tisa akasimama sana.

"Dokta," akaita. "Huyu kulungu amekufa."

Dokta Lescure alikuwa juu ya ngazi akinyoosha taa. "Anakaribia kufa, Mama. Ndio uzuri wake."

"Hakaribii. Alikufa saa nzima iliyopita, na nyama yake iko jikoni. Hii ni ngozi tupu."

Dokta akashuka, akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. "Tazama anavyoinua kichwa."

"Anainuliwa. Ungeinuliwa na wewe ukishikwa hivyo. Angalia miguu ya nyuma, imelala kama soksi. Hiyo mistari yako ya tumboni ni mikunjo. Umewahi kutupa blanketi juu ya kitu?"

"Na mbwa?" akauliza Dokta. "Mbwa wanashambulia."

"Mbwa gani wa kushambulia kwa mstari? Kulungu hai wanamzunguka, wanamshika huku na kule, na wawili watatu wameshapasuliwa. Hawa wamepanga foleni kama watu wa mkate. Wamezuiwa. Na aliyewazuia ni huyu, kwa hicho kitu cha kwapani unachokiita silaha. Ni mjeledi, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimeshaacha dawati langu. Nikatazama, na ilikuwa kama mtu amenifuta vumbi machoni. Mchoraji alikuwa hajasema uongo hata kwa mstari mmoja. Sisi ndio tuliomsemea.

"Baroni hashuki kwenye farasi kufanya kazi hiyo," Mama Maupas akaendelea. "Hajawahi, wala babu yake hajawahi. Angalia kisigino. Mpanda farasi ana chuma cha kumchomea farasi. Huyu hana kitu. Ana viatu vya kutembea kwa miguu, tena cha kushoto kimetoboka. Huyu ni mtunza mbwa."

Dokta akafuta miwani. "Mama, ninaheshimu uzoefu wako wa mambo ya... wa bandani. Lakini sanaa si machinjio. Mchoraji wa aina hii alitafuta mapambano ya binadamu na maumbile. Asingepoteza karatasi kwa mtumishi."

"Kumbe aliipoteza," akasema Mama Maupas, akaondoka na kuacha nyayo za matope sakafuni. Sikuzifuta mpaka mchana.

Habari zikafika ngomeni kabla ya saa sita. Nani aliyezipeleka sijui, na ningemjua ningemsema hapa kwa jina. Mchana nilikwenda kwa Mama Maupas kula supu ya liki, kama kawaida yetu siku za Jumatatu, na tulikuwa bado tunakata mkate Baroni alipogonga mlango wa kijani na kuingia bila kungoja. Akavua kofia. Baroni Aymar ni mtu mpole wa kusema, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

"Gilberte. Una miaka mingapi sasa?"

"Sitini na mmoja, Bwana Baroni. Unajua. Tumezaliwa mwezi mmoja."

"Nyumba hii ina unyevu. Mtu wa umri wako angefaa kukaa mjini."

"Ina unyevu tangu nizaliwe."

Baroni akazungusha kofia mkononi. "Kesho kutakuwa na wageni kutoka Paris, na watu wa magazeti. Utaleta mbwa uani, utasimamia haki ya mbwa kama kila mwaka, na habari za michoro utamwachia Dokta. Ukiona huwezi, keshokutwa nitatafuta mtu mwingine wa kukaa humu na kushika mbwa. Sitaki kufanya hivyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri."

"Basi ni hivyo." Akanitazama na mimi, akainamisha kichwa kwa adabu, akatoka.

Supu ikapoa. Nikamwambia rafiki yangu kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angemwambia: anyamaze. Ni karatasi tu. Mchoraji kafa, mtunza mbwa kafa, kulungu ndiyo kabisa. Yeye yuko hai, na bila mbwa wale angefanya nini?

"Ningekufa kwa upweke," akajibu, na hakutania. "Nawapenda kuliko watu, Josiane, wewe nakutoa. Nikiamka nasikia wanajinyoosha, najua siku imeanza."

"Basi nyamaza."

"Yule mtu hana jina."

"Ndiyo nasema. Hana jina, hana mtoto wa kulalamika, hana chochote."

"Ndiyo maana sitaki abandikwe jina la mtu mwingine." Akasukuma bakuli. "Mimi nimesimama vilevile miaka arobaini na miwili. Alivyoweka mguu wa kushoto mbele kidogo, ili mgongo usimuume, na mimi nauweka hivyo hivyo. Hakuna aliyenichora. Yeye alichorwa, mara moja, na mtu aliyemtazama vizuri mpaka akaona kiatu kimetoboka. Halafu anakuja mpuuzi na kadi yake anasema ni Baroni."

Nilikasirika naye. Nilimwambia ana kichwa kigumu, na kwamba heshima haipashi nyumba moto. Akaniambia nile supu yangu.

Kesho yake hali ya hewa ilikuwa safi, baridi kavu. Padri akabariki mbwa, akawagawia mkate, mmoja akamramba kanzu. Wageni wakaingia makumbushoni, na Dokta Lescure akawapitisha karatasi moja baada ya nyingine. Kwenye ya tisa alisimama muda mrefu kuliko zote. Alisema vizuri, lazima nikiri. Alisema juu ya penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikabonyea, juu ya binadamu aliye peke yake mbele ya nguvu ya mwitu. Wanawake wawili walishika vifua vyao. Baroni alitazama chini, kama anayeona haya kusifiwa.

Kisha wakatoka uani na bilauri za mvinyo kutazama haki ya mbwa. Kulungu aliuawa siku mbili kabla, ngozi na kichwa vilikuwa vimehifadhiwa. Mama Maupas alikuwa amesimama tayari katikati ya ua, ametanua miguu juu ya ngozi, mguu wa kushoto mbele kidogo, mjeledi kwapani, pembe mkononi. Mbwa sitini mstari mmoja mbele yake. Alikuwa amechagua mahali pa kusimama, ubavu kwa mlango, ili kila anayetoka ndani akutane naye vilevile alivyotoka kumwona ukutani.

Watu wakaanza kupunguza mazungumzo. Mke wa mwuza nyama, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akasema, "Jamani, si ndiyo ile picha ya Mshika Pembe? Mbona ni Mama Maupas?"

Mtu akacheka. Kicheko kikasambaa. Baroni akainua mkono haraka, kabla ya wakati wake, na baragumu likapigwa.

Mama Maupas hakuvuta ngozi.

Kwetu hilo halijawahi kutokea. Baragumu likilia, ngozi inavutwa, hakuna la kati. Mbwa wenyewe walichanganyikiwa, mate yakawatoka, miguu ikawatetemeka. Mbwa mmoja mzee alianza kulia kama mlango mbovu. Mama Maupas akawaambia "Ngoja," kwa sauti ya kawaida kabisa, na sitini wote wakangoja.

"Gilberte," Baroni akasema. "Achia."

"Dokta Lescure," Mama Maupas akaita, bila kugeuza kichwa. "Njoo hapa mbele. Simama pale aliposimama mchoraji."

Nilidhani hatakwenda. Lakini alikwenda, bilauri mkononi, akasimama hatua kumi kutoka kwake, na nikaona anatafuta mahali pake, anasogea kushoto kidogo, anarudi nyuma nusu hatua. Kisha akatulia.

"Unaona nini?"

Dokta akainama kidogo kuitazama ngozi. "Miguu ya nyuma," akasema mwishowe. "Haina kitu ndani."

"Na tumboni?"

"Mikunjo."

"Na kwapani?"

"Mjeledi." Akavua miwani, safari hii hakuifuta. "Mungu wangu. Mistari yote ni ileile. Nimeitazama miezi minne."

"Gilberte, nimesema achia," Baroni akarudia. Upole ulikuwa umemwisha, shingo imekuwa nyekundu. "Nakuambia kwa mara ya mwisho."

Sasa Mama Maupas akamgeukia. Kichwa kile kilikuwa kizito, lakini pembe hazikushuka. "Nikiachia, Bwana Baroni, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho kwako, sivyo? Waambie hawa watu nao wasikie."

Angeweza kusema hapana. Watu wote wale walikuwa wanamtazama, na nadhani hata yeye alijua kwamba neno moja la ungwana lingemrudishia heshima yote. Nilimwombea alipate. Hakulipata.

"Ndiyo," akasema Baroni. "Ya mwisho."

"Haya. Umesema mwenyewe." Akawageukia mbwa, akawatazama mstari mzima, toka mwanzo hadi mwisho, kila mmoja. Naamini aliwaita majina yao kimoyomoyo, maana alichukua muda. Ndipo akaivuta ngozi kwa nguvu zake zote na kurudi nyuma, na mbwa wakaruka.

Hakungoja wamalize. Alikwenda kwa Baroni akampa mjeledi, mpini mbele, kama inavyompasa mtumishi mwenye adabu, akapita katikati ya wageni na kutoka nje ya geti. Nilimfuata na koti langu la kazi. Barabarani alilia, akanikataza nisimshike, nikatembea kando yake tu. Kesho yake tulipakia virago vyake kwenye mkokoteni wa mwuza mkate, ambaye ana vyumba viwili juu ya tanuri. Ni vyumba vikavu. Upepo ukivuma kutoka msituni anawasikia mbwa, na hufunga dirisha, kisha baada ya kitambo hulifungua tena.

Dokta Lescure alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Kabla wageni hawajaondoka alibandua kadi ya tisa, akakaa kwenye dawati langu, akaniomba kalamu. Akaandika kwa mkono: "Mtunza mbwa amesimama juu ya ngozi ya kulungu. Jina halijulikani. Maelezo haya yametolewa na Gilberte Maupas, mtunza mbwa." Akaibandika mwenyewe. Kitabu chake kilikuwa kimeshachapwa, na aliniambia atalazimika kuandika kingine cha kujisahihisha. Nasikia amekiandika.

Baroni naye alituma mtu alasiri ileile kuichukua karatasi yake. Hiyo ya tisa tu. Alikuwa na haki, ni mali yake, hakuna sheria ya kumzuia. Mkurugenzi wetu akataka kuiondoa na kadi, kwa kuwa kadi bila picha ni kichekesho. Nikamwambia atakayeigusa kadi ile atakata tiketi yeye mwenyewe siku inayofuata. Ikabaki. Sasa kuna karatasi nane, kisha misumari miwili na kadi, kisha karatasi mbili.

Watu wanauliza picha iko wapi. Siku nyingine nawajibu tu kwamba imechukuliwa na mwenyewe. Alhamisi siwajibu, kwa sababu Alhamisi Mama Maupas yupo. Anakaa kwenye kiti cha mbao pembeni, na mtu akisimama mbele ya ile misumari anainuka, magoti yanalia, anatanua miguu, mguu wa kushoto mbele kidogo, anainua mikono miwili kana kwamba ameshika pembe, na anatulia hivyo mpaka mgeni aridhike. Juzi mama mmoja wa kutoka mbali alimtazama hivyo kwa muda, akamuuliza kwa sauti ya chini yule mtu wa kwenye picha alikuwa nani hasa, na alikuwa anafanya nini.

"Alikuwa kazini," Mama Maupas akamwambia, mikono bado iko juu.